Pangaboi la Maji

Nilifundisha Kiswahili katika shule za sekondari kwa miaka 34, na kalamu nyekundu haikustaafu siku niliyostaafu mimi. Desemba iliyopita nusura iniponze.

Mjukuu wangu wa miaka 13 alikuja Tunduma kwa likizo, akitokea Dar es Salaam, anakosoma katika shule inayofundisha kwa Kiingereza. Alinipa shikamoo yangu kwa adabu, kisha kila swali langu akalijibu kwa Kiingereza. Siku tatu tuliishi kama madereva wa malori kwenye foleni ya mpakani: tunaonana, hatuzungumzi.

Jioni ya nne nilimkuta ameinamia kompyuta, akicheza mchezo uitwao Timberborn. Humo binadamu wametoweka duniani. Wamebaki wanyama wa nchi za baridi, wale wanaoguguna miti na kujenga mabwawa. Mtoni walikuwa wamesimamisha gurudumu kubwa la mbao. Maji yakilisukuma, mhimili huzunguka na kupeleka nguvu hadi kwenye kiwanda cha kupasulia mbao. Nikamuuliza kitu kile ni nini. Akafikiri kidogo, akajibu kwa Kiswahili: "Ni pangaboi la maji, babu."

Nikacheka. Nikamweleza kwamba pangaboi hula umeme ili litoe upepo, ilhali chombo kile hupokea mwendo wa maji ili kitoe nguvu. Kwamba jina lake ni gurudumu la maji. Tena kwamba mle hamna umeme hata chembe, ila nguvu ya mzunguko tu. Yote niliyosema yalikuwa kweli. Yeye akasema "Okei," na Kiswahili chake kikafunga mlango.

Usiku ule sikulala vyema. Mtoto alikosa neno, akaingia ghalani mwake, akachukua lililo karibu na kuliongezea "la maji". Si ndivyo lugha yetu ilivyojengwa? Umeme wa mawinguni tuliufanya umeme wa taa, na kinu cha kutwangia kikatupa kinu cha kukamulia mafuta. Aliyethubutu kwanza kusema hivyo angekutana na kalamu yangu, pengine angenyamaza.

Asubuhi nilivuta kiti, nikamwomba anifundishe. Ukame ulikuwa umeingia mchezoni: mto umekauka, gurudumu limesimama, mbao hakuna. Nikamwambia kuwa hayo si ya kompyuta tu. Mwaka 2024, ukame ulipopunguza maji ya Kariba, majirani zetu wa Zambia, hatua chache kutoka hapa tulipo, walikosa umeme kwa saa nyingi kila siku. Akasikiliza, kisha akanionyesha dawa yake: bwawa upande wa juu wa mto, lenye milango ya kuachia maji kidogo kidogo. Na akiba ya mwisho ni gurudumu jingine ambalo mnyama mmoja huingia ndani yake na kukimbia, ili mtambo usisimame.

Hapo nikamsimulia asili ya neno lake. Kabla ya feni za umeme, wakubwa wa Kiingereza kule India walipepewa kwa kitambaa kipana kilichoning'inizwa darini, na mtumishi aliketi akivuta kamba kutwa. Kitambaa kiliitwa panka. Mtumishi waliyemwita boi ndiye aliyekuwa nguvu yake. Neno likavuka bahari hadi kwetu. Mvuta kamba akaondoka, jina lake likabakia kwenye mashine.

Mjukuu akakitazama kioo kwa muda. "Kumbe huyu anayekimbia ndani ya gurudumu ndiye pangaboi mwenyewe, babu."

Neno hilo nimelitumia maisha yangu yote, na asili yake niliijua, lakini sikuwahi kumwona yule mtu ndani yake kama alivyomwona mtoto huyu katika dakika moja.

Gurudumu la maji bado ndilo jina sahihi, nami naliandika hivyo. Nyumbani tunasema pangaboi la maji. Juzi alinipigia simu kutoka Dar es Salaam, akaniuliza kwa Kiswahili ile milango ya bwawa inaitwaje. Nilikuwa na jibu, nikalimeza. Nikamuuliza, "Wewe unaiitaje?"