Shore naye ni ndege wa Usambara

Ninavyokumbuka, sifa ya Lushoto kwa watazama ndege imejengwa juu ya wale adimu. Mgeni huingia msitu wa Magamba alfajiri akimtafuta ndege mdogo wa kahawia, Sheppardia montana, ambaye duniani kote huishi Usambara Magharibi tu. Njiani humpita shore juu ya mforosadi, kichwa cheusi, manyoya ya njano chini ya mkia, akidonoa tunda huku akipiga kelele; hata darubini hainuliwi. Lakini mazoea haya hayakuwapo tangu mwanzo. Wajerumani walianza kuchunguza ndege kwa bunduki, ngozi za ndege zikisafirishwa kwenda Berlin. Kisha, kati ya 1928 na 1946, Reginald Moreau na mkewe Winifred waliishi Amani, Usambara Mashariki, wakageuza kazi hiyo kuwa ya subira. Reginald aliwapenda ndege adimu, ila mwaka 1939 alichapisha hesabu za mbayuwayu kwenye kiota: kikombe cha tope kilichobandikwa ukutani, wazazi wakiingia na kutoka na chakula. Mwaka 1944 akaonyesha kwamba ndege wa tropiki hutaga mayai machache kuliko jamaa zao wa Ulaya, hoja ambayo wanabiolojia waliijadili kwa miongo mingi baadaye. Hoja kama hiyo haijengwi kwa kiota kimoja. Inataka viota vingi, na viota vingi ni vya ndege wa kawaida.

Watasema adimu ndio wanaoleta watalii, na bila wao msitu ungekatwa. Ni kweli, wala sitaki wapunguziwe hata mti mmoja. Ila wingi wenyewe si kinga. Tumbusi mgongo mweupe alikuwa wa kawaida mno katika mbuga za Afrika. Mwaka 2015 aliwekwa katika kundi la walio hatarini kabisa kutoweka. Kupungua huko hakuonekani mpaka pawepo mtu aliyekuwa akiwahesabu walipokuwa wengi. Na anayeweza kuwahesabu mwaka mzima ni mkazi. Mtoto wa Soni au Mlalo hahitaji kiingilio wala gari kumsikia dudumizi, sauti yake ikishuka kama maji yanayomiminwa kutoka kwenye chupa yenye shingo nyembamba. Anahitaji daftari, na mtu mzima mmoja wa kwenda naye Jumamosi asubuhi hadi kwenye mashamba ya kabichi bondeni.