Ugomvi wa Boruto ulivyotufikia kwenye likelemba



Waliokuwepo siku ile ya likelemba wanakumbuka kwamba pesa hazikuhesabiwa mpaka jua likaanza kushuka. Vijana wawili walikuwa wamepigana mahali pa kuchajia simu, mmoja akapasuka mdomo, na mama yake akatufikia na kikwembe chenye damu. Tukauliza wamegombania nini. Msichana? Franka? Mpira? Wakajibu kwamba wamegombania Boruto. Mwenzetu muuza sombe akasimama: "Huyu Boruto ni mtoto wa nani? Aitwe mama yake hapa." Watoto waliokuwa mlangoni walicheka mpaka wakakaa chini.

Sisi hatukucheka sana. Maneno juu ya ile nyumba ya filme yalikuwepo tayari: kwamba franka za sabuni zinaishia kule, kwamba watoto wanarudi usiku, kwamba wanasinzia darasani. Nusu yetu walitaka barua iandikwe kwa wakubwa, ifungwe. Nusu nyingine walinyamaza, na katika mkutano wa wamama kunyamaza si kukubali. Ndipo bibi mmoja kati yetu, mwenye umri wa kutuzaa wote, akasema kesi haikatwi kabla ya kusikiliza. Tukachaguliwa watano, twende tukae humo jioni tatu, tusikilize, turudishe habari. Habari yenyewe ndiyo hii.

Nyumba ni ya matofali mabichi, mabenchi sita, televizio moja, betri mbili, paneli za jua juu ya bati, na jenereta kwa siku za mvua. Filme zinafika ndani ya flashi na kadi za simu, nyingine kwa moto kutoka Kasongo, nyingine kutoka upande wa ziwa Tanganyika. Nyingi zinasema Kifaransa. Chache zina sauti ya mtu wa Tanzania anayeeleza kwa Kiswahili juu ya sauti ya filme, na huyo anatia chumvi yake. Kuingia ni bei ya vitumbua viwili. Sisi tuliingizwa bure, kwa woga.

Kitu cha kwanza tulichokiona ni kwamba filme ikiwa inaonyeshwa, kunakuwa kimya kuliko kanisani au msikitini. Kelele inaanza ikiisha. Na kelele hiyo karibu yote ni juu ya jambo moja: hadithi iliyopendwa, ikaongezewa nyingine mbele yake. Ya pili, ya tatu, ya mtoto wa shujaa, ya mjukuu. Vijana wanagawanyika kama wakati wa uchaguzi, hawa wakisema nyongeza ni halali, wale wakisema imeharibu yote.

Jioni ya kwanza ilikuwa Dragon Ball. Aliyeitunga ni Mjapani, Akira Toriyama, aliyeichora katika jarida tangu 1984 mpaka 1995. Katuni ya Dragon Ball Z ilikwisha kule Japani mwisho wa Januari 1996, na juma moja tu baadaye ikaanzishwa nyingine, Dragon Ball GT, ambayo hadithi yake hakuitunga yeye. Humo shujaa Goku, mtu mzima mwenye mjukuu, anarudishwa kuwa mtoto mdogo. Ilikwenda vipindi 64, ikaisha. Halafu mwaka 2015 ikaja Dragon Ball Super, na hiyo Toriyama mwenyewe alitoa njia ya hadithi.

Kijana mmoja, fundi wa baiskeli, akasema GT ni mtoto wa nje, asihesabiwe kwenye urithi. Tulitazamana. Neno hilo halisemwi ovyo mbele ya wamama watano. Mwingine akamjibu kwamba mtoto wa nje naye analia msibani, na kwamba mwisho wa GT ulimtoa machozi, ile Super haikumtoa hata moja. Wakabishana hivyo mpaka mdogo mmoja, labda wa miaka kumi na miwili, akapiga benchi. Toriyama alikufa tarehe 1 Machi 2024, akasema, na Oktoba ya mwaka uleule ikatoka Dragon Ball Daima, yenye hadithi aliyoiacha yeye mwenyewe. Na ndani yake Goku amefanywa nini? Amefanywa mtoto mdogo! Kitu kilekile walichokicheka kwenye GT miaka yote. Fundi wa baiskeli akakosa la kusema, akaomba maji.

Tuseme kweli, pale tulianza kuvutwa. Mwenye kitu akifa, nani ana haki ya kukiendeleza? Swali hilo tunalijua, na tunalijua pamoja na sufuria zake: mume anafariki, na kabla ya arobaini ndugu zake wamekwisha kugawana baiskeli na mbuzi. Bibi yetu alitukumbusha njiani kwamba hadithi za Sungura hazikuwa na mwenyewe. Anauawa leo kwa jirani, kesho yuko hai kwetu, na hakuna aliyepasuliwa mdomo. Lakini yeye mwenyewe, tulipomsimulia Sungura kama anavyosimuliwa Wamaza, alisema hapana, hiyo si yenyewe. Basi.

Jioni ya pili ndiyo iliyotuleta kuandika.

Boruto ni mtoto wa Naruto. Naruto, kwa wasiomjua, ni katuni iliyotungwa na Masashi Kishimoto, ikachorwa jaridani tangu 1999 mpaka 2014. Mtoto huyo baba na mama walikufa siku aliyozaliwa, na ndani ya mwili wake wakafunga pepo la mbweha mwenye mikia tisa lisiangamize kijiji. Anakua peke yake. Watu wanamkwepa, anakula peke yake, na anapiga makelele tu ili mtu amtazame. Ndoto yake ni kuwa Hokage, yaani mkuu wa kijiji, ili wote wamheshimu. Vijana wetu wamekua naye. Wengi wao wakati ule walikuwa wanalala porini na sisi, tukikimbia bunduki, kisha tukirudi wanauliza kwanza kama flashi imepona.

Naruto alipata ndoto yake. Hapo hadithi ingeisha, na wengine wanasema ingeisha hapo kabisa. Lakini mwaka 2015 ikatoka filme ya mtoto wake, 2016 ikaanza jaridani, 2017 ikawa katuni ya televizio. Na ndani yake Naruto amekuwa mkuu mwenye makaratasi mengi, haonekani nyumbani. Ana uwezo wa kujigawa, kutuma mwili wa pili mahali yeye hayupo. Siku ya kuzaliwa ya binti yake mdogo, Himawari, anatuma huo mwili wa pili ubebe keki. Kazi ikamlemea kule ofisini, ule mwili ukatoweka palepale, keki ikaanguka chini mbele ya mtoto.

Filme ilipoisha, upande mmoja uliwaka. Walisema wamemuharibu Naruto. Mtoto aliyelia njaa ya baba, anawezaje kuwa baba wa namna hiyo? Hawezi. Mtunzi amekula pesa, amemsahau mtu wake. Yule aliyepasuka mdomo ndiye aliyekuwa msemaji wao, na plasta yake.

Kisha akasimama mtoto wa mwenzetu mmoja. Jina lake hatuliandiki, mama yake ameturuhusu mengine. Ana miaka kumi na mitano. Baba yake ameondoka mavuno mawili ya mpunga yaliyopita, amekwenda kwenye machimbo ya dhahabu upande wa Salamabila. Pesa inafika mara, haifiki mara. Mtoto huyu alikuwa ameacha masomo kwa siri tangu Pasaka. Anatoka na daftari, anashinda mtoni, anarudi na daftari. Tulijua alitaka kumfuata baba yake.

Hakupaza sauti. Alisema: "Ninyi mnasema hawezi kuwa hivyo. Nani alimfundisha? Hakuona baba hata siku moja. Anafikiri baba ni mtu wa kazi. Anafikiri akitengeneza kijiji chote, na nyumba imetengenezwa. Mimi naona hii ya pili ni ya kweli kuliko ya kwanza. Ya kwanza ni ndoto ya mtoto. Ya pili ni nyumba."

Mabenchi yalikaa kimya. Yule mwenye plasta akasema polepole, sawa, lakini keki, kweli, hata keki? Na huyu akajibu: "Hata keki alituma. Wengine hawatumi."

Mama yake alikuwa kati yetu watano. Alishika kikwembe chake, akatazama televizio iliyokwisha kuzimwa.

Kuna sehemu nyingine ya filme hiyo iliyotuchekesha. Boruto anaingia mtihanini na mashine ndogo mkononi, iliyotengenezwa na wataalamu, inayomfanyia kazi asiyoiweza. Anaiba mtihani! Baba anamgundua, anamvua kitambaa cha heshima mbele ya umati wote. Mwalimu mmoja aliyekuwa nyuma akapiga makofi peke yake. Sisi wenye watoto wa mtihani wa Serikali, wenye kununuliwa simu karibu na siku zenyewe, tulitazama chini. Boruto aliposema kwamba baba hakumtazama hata siku moja mpaka siku ya kumwaibisha, tulitazama chini zaidi.

Jioni ya tatu tuliomba wenyewe filme, na hapo tukagundua kwamba ugonjwa unaambukiza. Walituwekea Terminator, ile ya Schwarzenegger anayeitwa huku Komando. Ya kwanza ni ya 1984: mashine inatumwa kutoka siku za mbele kumuua mwanamke, Sarah Connor, kabla hajamzaa mtoto atakayeokoa watu. Ya pili, ya 1991, mtoto amezaliwa, na mashine yenye sura ileile sasa imetumwa kumlinda. James Cameron aliongoza zote mbili, na vijana wanakubaliana, jambo la nadra, kwamba ya pili inaishinda ya kwanza. Sisi tulikubali pia. Yule mama amefungwa katika hospitali ya wagonjwa wa akili kwa sababu anasema hatari inakuja, hakuna anayemsadiki, na mwanawe anapata baba katika chuma. Tunamjua mama huyo. Tumeambiwa tuna wazimu tulipofunga mizigo usiku kabla ya wengine.

Kosa letu ni kuomba ile ya 2019, juu ya kwamba mwenye kuonyesha alisema Sarah amerudi, mzee sasa, na bunduki. Ni kweli amerudi. Lakini filme haijakaa sawa, na John, yule mtoto, wamekwisha kumuua. Hapohapo mwanzoni, mbele ya mama yake, kama kuku.

Muuza sombe alisimama akasema izimwe. Mwenye kuonyesha akaeleza kwamba inaendelea vizuri, kuna msichana mwingine wa kulindwa, Sarah atamsaidia. Mwenzetu akajibu kwamba yeye hakulia katika mbili za kwanza kwa ajili ya msichana mwingine. Mama alijifungua katika mateso, akafungwa, akakimbia, halafu anaingia mtu wa kuandika na kalamu yake anamfuta mtoto ili apate nafasi ya hadithi mpya? Mwingine kati yetu, ambaye alizika wawili, akasema hapana, hiyo ndiyo iliyo karibu na ukweli. Mama anaweza kufanya yote na bado akanyang'anywa, kisha kesho yake kuna mtoto wa mtu mwingine amesimama mlangoni. Yeye aliitazama mpaka mwisho. Wawili hao walirudi kila mtu na njia yake usiku ule, na mpaka leo wanasalimiana kwa ufupi. Vijana walifurahi sana kutuona.

Kwa hiyo barua haikuandikwa. Wengine hawajaridhika nasi na wana haki: wasichana wadogo hawana kazi humo baada ya giza, tumekubaliana na mwenyewe kwamba saa kumi na mbili na nusu wanatoka, na siku za masomo hapafunguliwi asubuhi. Tutapita kuangalia. Mwalimu yule ameomba wenye kubishana waandike hoja zao kwa Kifaransa, ukurasa mmoja. Wanne wameandika, na ule wa fundi wa baiskeli ni mrefu kuliko yote.

Kuhusu yule mtoto wa miaka kumi na mitano. Juma lililofuata mama yake alipanda kilima chenye mtandao, tukamsindikiza watatu. Simu ya machimbo ilishikwa mara ya nne. Wakasemezana habari za mpunga na deni la bati, halafu mtoto akaomba simu. Tulidhani atasema anakuja kule. Alimuuliza baba yake kama anamkumbuka Naruto. Baba akauliza, yule wa mbweha? Mtoto akaanza kumweleza ya pili, polepole, mpaka akafika kwenye keki, na hapo franka za simu zikaisha.

Tulichanga tukanunua nyingine. Baba alikuwa bado kwenye laini, hakuwa ameenda mbali. Alisema atarudi wakati wa mavuno. Alisema hivyo mwaka jana pia. Jumatatu mtoto alikwenda masomoni na daftari, mama yake akamfuata kwa mbali mpaka akamwona ameingia.