Mpagazi wa Milimita 54

Jumamosi, 11 Mei 2024

Kifurushi kimefika. Askari wa KAR (King's African Rifles), wa resini, milimita 54, yaani mtu wa kawaida aliyepunguzwa mara thelathini na mbili. Aliyemchonga anajua kazi. Tarbushi ndefu ina kitambaa cha kukinga kisogo, miundi imezungushiwa vitambaa, nyayo ziko wazi, na bunduki ya Lee-Enfield imewekwa begani bila ugumu wowote.

Wauzaji wa sanamu hizi wana askari wa kila namna kutoka vita ya 1914 hadi 1918: wa Mwingereza, wa Mjerumani, na maofisa wao wenye darubini. Mpagazi ni nadra kumwona. Na vita ile ya huku kwetu ilitembea juu ya vichwa vya watu. Upande wa Waingereza waliandikishwa wabeba mizigo wapatao milioni moja, na waliokufa wanakadiriwa kuzidi 90,000, wengi wao kwa kuhara damu, malaria na homa ya mapafu, si kwa risasi. Hata pale kwenye mnara wa Askari, Samora, Dar es Salaam, aliyesimama juu ya nguzo ni askari na singe yake. Wapagazi wametajwa kwenye maandishi chini. Nairobi walifanya vizuri zaidi, kati ya zile sanamu tatu za shaba yumo mpagazi.

Basi huyu askari nitamkata, nimtoe mpagazi ndani yake.

Jumanne, 14 Mei

Usiku, baada ya kazi. Msumeno wa sonara umepita kiunoni na chini ya magoti. Kinachobaki ni miguu kuanzia gotini kwenda chini, basi. Vitambaa vya miundini vimeondoka kwa kisu, halafu msasa wa maji, barakoa usoni, maana vumbi la resini halifai kabisa mapafuni. Bunduki nimeiweka kwenye boksi la vipuri. Siku moja itapata mwenyewe.

Jumamosi, 18 Mei

Nimeshinda Kariakoo asubuhi nzima nikitazama wabeba mizigo. Waingereza walipouchukua mji huu wa Dar Septemba 1916, wapagazi wao walipigishwa kambi eneo lile lile, na nilitaka kuona mwili unafanya nini chini ya uzito kabla sijakunja waya.

Kijana mmoja aliyekuwa anapumzika juu ya gunia alinisikiliza kwa heshima. Nikamwuliza shingo haiumi?

"Shikamoo mzee. Shingo haibebi," akasema. "Shingo kazi yake kunyooka tu. Anayebeba ni kiuno. Na usitazame chini, ukitazama chini mzigo unakwenda wenyewe."

Nikamwomba asimame na mzigo, akakubali, akapiga hatua chache. Kila kitu alichosema kilionekana. Kidevu kinarudi nyuma kidogo. Mbavu zinapanda. Hatua inakuwa fupi, goti halinyooki kabisa, na nyonga ya upande wa mguu uliokanyaga inatoka nje. Mkono mmoja uko juu, lakini haushiki kwa nguvu, unagusa tu kona ya mzigo. Sisi wachongaji wa vitu vidogo hupenda kuonyesha uzito kwa kumkunja mtu mgongo. Mgongo uliokunjwa ni wa mtu anayekaribia kuanguka. Aliyezoea kubeba amenyooka, na uzito unauona magotini.

Jumamosi, 25 Mei

Mvua tangu alfajiri, na mimi mezani tangu alfajiri.

Waya umeshakunjwa, umeingia kwenye miguu kupitia matundu ya keekee ndogo ya mkono. Kichwa cha mtu huingia kama mara saba na nusu katika urefu wake, kwa hiyo hiki hakiruhusiwi kuzidi milimita saba na kidogo. Mtu akikosea hapo, hakuna rangi itakayomwokoa.

Udongo wa epoksi, ule wa kijani, huja kwa tepe mbili, ya manjano na ya buluu. Ukizidisha manjano, donge linakuwa laini na linanata. Ukizidisha buluu, linakuwa gumu na kingo zinakaa kali. Kwa misuli nimechanganya sawa kwa sawa, na kidogo cha Milliput, epoksi ya aina nyingine, ili baadaye likubali msasa. Kwa sanduku la risasi na kata chini yake nimeongeza buluu. Joto la Dar linauwahisha kuganda, kwa hiyo nafanya sehemu moja, naiacha, naenda nyingine: mbavu, kisha bega, kisha shingo. Vyombo ni vile vya fundi meno, vimelowekwa maji visinate.

Nguo hazianzi mpaka mwili umekauka chini yake. Mikunjo ya kitambaa huanzia mahali panapovutwa, na hapo ni bega lililobeba blanketi lililoviringishwa na kiuno kilichofungwa shuka. Sehemu nyingine kitambaa kinaning'inia tu, na nilikiacha kining'inie. Kuna wachongaji wanaojaza mikunjo kila mahali kwa hofu ya nafasi tupu. Nafasi tupu ndiyo inayomfanya mtazamaji aone mkunjo.

Jumapili, 2 Juni

Kibati cha shingoni, kile chenye namba ya mpagazi. Kwa kipimo hiki ni kidogo kama kichwa cha pini. Nimekiacha bila namba. Mwaka 2021 Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilikiri kwamba maelfu kwa maelfu ya Waafrika waliokufa katika vita ile hawakuandikwa majina yao popote. Sitaki kubuni namba ambayo huenda ilikuwa ya mtu.

Jumamosi, 8 Juni

Siku ya ngozi. Hii ndiyo sehemu ninayoipenda kuliko zote, na ndiyo inayoharibiwa zaidi na watu wengi: kahawia moja kutoka chupani, kisha wanaongeza nyeupe kuleta mwanga. Nyeupe inaifanya ngozi yetu ionekane imepakwa majivu. Mimi naanza na kahawia ya kiza yenye wekundu na tone la buluu, naupandisha mwanga kwa manjano ya udongo, na mwisho kabisa chungwa kidogo puani, kwenye vifundo vya vidole na magotini. Rangi nyembamba sana, tabaka juu ya tabaka, kila moja ikauke.

Huyu ana jambo la peke yake: sanduku lililo kichwani linamtilia kivuli. Kwa kawaida mwanga wa juu hupiga paji la uso kwanza. Kwake paji liko gizani, na mwanga unamjia kutoka chini, ardhi kavu ya saa sita ikiurudisha kidevuni na chini ya mashavu. Mabega yanawaka jua kamili. Nimeyapaka vanishi ya kung'aa kidogo iwe jasho. Usoni hapana, usoni kuna vumbi.

Jicho lina upana wa milimita moja. Si jeupe, ni rangi ya pembe iliyochakaa, na linatazama mbele.

Alhamisi, 13 Juni

Amekauka. Nimemgandisha kwenye kipande cha mpingo, bila bango, bila nyasi za mapambo.

Nimeanza kupima kazi inayofuata. Mabaharia wa manowari ya Kijerumani Königsberg waliizamisha meli yao wenyewe katika delta ya Rufiji, Julai 1915. Mizinga yake 10 ya milimita 105 ikaopolewa, ikafungwa magurudumu, ikaburutwa nchi kavu kwa kamba na mikono ya watu. Mmoja uko Fort Jesus, Mombasa. Mtutu wake una urefu wa mita 4.2, kwa kipimo changu ni sentimita 13. Huo nitauchonga kwa bomba la shaba. Shida ni wavutaji. Anayevuta hafanani na anayebeba: vidole vya miguu vinachimba, mwili unalala mbele, na mgongo hapa kweli unapinda. Nataka angalau kumi na wawili kwenye kamba, na kila mgongo uwe wa mtu wake. Jumamosi nakwenda Feri kuwaangalia wavuvi wakivuta ngalawa, na waya nimeshanunua.