Mfinyanzi na Jina Lake

Methali isemayo kwamba mfinyanzi hulia gaeni twaifundisha kila mwaka, na kila mwaka twaieleza kwa namna moja: afinyangaye vyombo vizuri kwa ajili ya wenziwe, mwenyewe hubakiwa na kipande kilichovunjika. Maelezo hayo ni sawa. Hata hivyo methali yatuachia jambo jingine la kufikiri. Humo mfinyanzi ana kazi, ana njaa, ana kigae, lakini hana jina. Katika makala haya twapenda kulizungumza jina hilo, maana sisi walimu wa lugha tumekabidhiwa majina ya vitu pamoja na ya watu wavifanyao.

Jambo hili lilituzukia darasani huko Bilpam, mjini Juba. Bilpam yajulikana kwa makao makuu ya jeshi la Sudan Kusini, na jina lenyewe lilihamia hapo kutoka kambi iliyokuwa Ethiopia, upande wa Gambella, ambako SPLA ilijipanga mwaka 1983. Tangu nchi hiyo ijiunge na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2016, haja ya Kiswahili imeongezeka, na wanafunzi wetu ni watu wazima wasemao Kiarabu cha Juba, Kibari, Kidinka, Kinuer na Kizande. Siku hiyo somo lilikuwa vyombo vya nyumbani. Tulipofika kwenye neno mtungi, mama mmoja wa makamo akasema kuwa mamaye alikuwa akifinyanga mitungi ya maji. Kisha akauliza: "Mwalimu, mama yangu nimwite fundi, au nimwite msanii?"

Kamusi ingetutosha kumjibu kwamba ni mfinyanzi, somo likaendelea. Lakini mama yule alikuwa akiuliza habari ya heshima. Alikwisha kusikia waimbaji na wachoraji wakiitwa wasanii, akataka kujua kama mlango huo uko wazi kwa mamaye pia. Tukamwambia amwite mfinyanzi, kisha amtaje jina. Akalitaja, na darasa zima likaliandika daftarini.

Wasomaji wetu watapenda kujua msingi wa jibu hilo. Neno sanaa limetokana na Kiarabu, na huko maana yake ya asili ni kazi ya ustadi wa mikono. Kiswahili cha zamani kilikuwa na kitenzi kusana, yaani kufua chuma, na mhunzi aliweza kuitwa msana. Basi afuaye na afinyangaye wana haki ya tangu kale katika nyumba ya sanaa. Hawana haja ya kubisha hodi.

Na tumwangalie mfinyanzi kazini. Huchagua udongo, huutoa vijiwe, huukanda, akauchanganya na mchanga au vigae vilivyopondwa ili usipasuke motoni. Hana gurudumu. Huzungusha kamba za udongo moja juu ya nyingine, akazibana kwa vidole, akaulainisha ukuta kwa kipande cha kibuyu au kwa jiwe la mtoni. Chombo hukaushwa kivulini, kisha huchomwa kwa kuni na nyasi mahali pa wazi. Kikitoka, kuta zake zina vitundu visivyoonekana kwa macho. Maji hupenya humo kidogo kidogo, hugeuka mvuke, na mvuke huo huondoka na joto. Ndiyo sababu maji ya mtungini huwa baridi hata Juba kunapowaka jua.

Kazi hiyo yote yaweza kuharibika kwa ufa mmoja. E. E. Evans-Pritchard, katika kitabu chake cha mwaka 1937 juu ya uchawi wa Wazande, ambao kwao wafinyanzi ni wanaume, alieleza kwamba bingwa aliyefuata kila kanuni, chungu chake kikipasuka, husema kuna uchawi. Wengi wamesoma habari hiyo kama habari ya uchawi tu. Sisi twasoma ndani yake pia fahari ya fundi: ana hakika ya mkono wake kiasi cha kwamba kosa halikutoka kwake.

Mikono ya namna hiyo imepata kusifiwa duniani. Magdalene Odundo alizaliwa Nairobi mwaka 1950, akaenda Uingereza mwaka 1971 kusomea sanaa. Katika miaka ya 1970 alikwenda Nigeria, katika kituo cha ufinyanzi cha Abuja, mji ambao sasa huitwa Suleja, akajifunza kwa akina mama waliofinyanga kwa mkono, miongoni mwao Ladi Kwali. Hata leo Odundo hujenga vyombo vyake bila gurudumu, huvisugua mpaka ving'are pasipo rangi ya kioo, na huvichoma. Moto wenye hewa ya kutosha huvipa wekundu. Moto ulionyimwa hewa huvipa weusi. Vyombo hivyo vimo katika makumbusho makubwa ya Ulaya na Marekani, na mwaka 2020 Uingereza ilimpa cheo cha Dame. Ladi Kwali naye, aliyefariki mwaka 1984, sura yake imo katika noti ya naira 20.

Tukilinganisha, twaona kwamba udongo, vidole na moto ni vile vile. Kilichozidi ni jina lililoandikwa. Hata katika makumbusho ya Uingereza vimo vyungu vya Kizande vya mfinyanzi Mbitim, na twamjua kwa sababu mtu mmoja alijali kuuliza na kuandika. Vyungu vingi vilivyokusanywa zamani vimebaki na jina la kabila peke yake.

Hatusemi kwamba watu waache plastiki. Mama yule wa Bilpam alitueleza kuwa mamaye aliiacha mitungi yake yote alipokimbia vita vilivyoanza Desemba 2013. Mtungi haubebeki na mtu akimbiaye na mtoto mgongoni. Dumu la plastiki ni jepesi, wala halivunjiki. Lakini vitu vikiachwa njiani, maneno huweza kubebwa, kwa kuwa hayana uzito. Ni wanafunzi wangapi wa miji yetu watambuao gudulia, kasiki, kibia, au mkungu wa kufunikia? Maneno hayo yakifa, ujuzi uliomo ndani yake utakosa pa kukaa.

Basi twawaomba walimu wenzetu jambo dogo. Mfundishapo msamiati wa vyombo, leteni chombo chenyewe, hata kikiwa kigae. Fundisheni kufinyanga, kukanda, kusugua na kuchoma kila kitenzi mahali pake, msitosheke na kutengeneza. Kisha waagizeni wanafunzi wamtafute mfinyanzi mmoja aliye hai, au aliyekumbukwa na jamaa zake, waandike jina lake kamili na udongo wake aliuchimba wapi. Mfinyanzi ataendelea kulia gaeni, maana ndivyo methali isemavyo. Ila asikose jina katika madaftari yetu.