Fedha ya Upatu na Kompyuta ya Michezo

Wahenga walituachia neno kwamba mchagua nazi hupata koroma. Neno hilo huenda ni la kweli shambani, lakini katika duka la vipuri vya kompyuta mambo huwa kinyume: hapo asiyechagua ndiye apataye koroma. Hulipa fedha nzuri, akabeba kasha linalometameta kwa taa za kila rangi, na afikapo nyumbani hugundua kuwa ndani yake hamna nguvu hata ya kuuendesha mchezo alioukusudia.

Nimeona vema nilizungumze jambo hili katika ukurasa wa familia kwa sababu si jambo la vijana peke yao. Kompyuta ya michezo inunuliwapo, aghalabu fedha hutoka katika mfuko wa mzazi. Ndivyo ilivyokuwa kwa dada yangu. Yeye hukaanga vitumbua alfajiri huko Temeke, na zamu yake ya upatu ilipofika alipokea Sh. 2,500,000/-. Mwanawe alikuwa amemaliza kidato cha sita, na mama alikuwa amemwahidi kwamba akifaulu atampatia kompyuta ya michezo. Kijana alifaulu.

Shemeji yangu hakuafiki. Alisema kuwa chumba cha uani kinavuja, na kwamba mtu mwenye akili huanza na bati ndipo afikirie mchezo. Neno lake lilikuwa na uzito, wala hakuna aliyembishia. Lakini dada alinijia akasema, "Kaka, nimeahidi, na ahadi ni deni. Ila fedha hii nimeikusanya kitumbua kwa kitumbua. Ikiungua, sina nyingine. Nenda na mpwa wako mkachague."

Kazi yangu ya uandishi imenifikisha mara nyingi kwa mafundi wa kompyuta, hivyo nilikubali kwa sharti moja: tusiingie dukani kabla ya kukaa mezani na kalamu.

UHURU WENYE MZIGO

Yafaa kwanza msomaji aelewe kwa nini kompyuta ya mezani huweza kununuliwa kipande kipande. Mwaka 1981 kampuni ya IBM ya Marekani ilitoa kompyuta yake binafsi ambayo muundo wake uliwawezesha watengenezaji wengine kuunda vipande vinavyoingiana nayo. Mwaka 1995 kampuni ya Intel ilitoa kipimo kiitwacho ATX, ambacho huonyesha ukubwa wa ubao mama, mahali pa matundu ya skrubu, na jinsi umeme unavyoingia. Ndiyo maana hata leo ubao wa kiwanda kimoja hufungwa katika kasha la kiwanda kingine bila ugomvi.

Hata hivyo, uhuru huo una mzigo wake: kazi ya kuhakikisha vipande vinapatana ni ya mnunuzi. Mathalani, prosesa za AMD za mtindo wa AM4 haziingii katika ubao wa AM5 uliotoka mwaka 2022. Tena AM5 hukubali kumbukumbu ya DDR5 tu, na AM4 hutaka DDR4. Anayenunua kumbukumbu kwa sababu ameiona kwa bei nafuu, kabla hajaujua ubao wake, ni kama mtu aliyenunua ufunguo kabla ya kufuli.

MACHO KWANZA

Mpwa wangu alikuja na orodha yake. Ilianza na kasha la kioo lenye feni sita za taa, na ikaishia kwenye skrini, "yoyote itakayopatikana". Nilimwomba aigeuze juu chini.

Skrini ndiyo huamua karibu kila kitu kingine. Skrini ya nukta 1920 kwa 1080 ina jumla ya nukta 2,073,600. Ile ya 2560 kwa 1440 ina nukta 3,686,400. Ile kubwa ya 3840 kwa 2160 ina nukta 8,294,400, yaani mara nne ya ile ya kwanza. Kila picha inapobadilika, kadi ya michoro hulazimika kuzipaka rangi nukta zote hizo upya. Skrini ya kawaida hubadili picha mara 60 kwa sekunde. Nyingi za michezo hubadili mara 144, maana yake kadi hupewa muda usiofika milisekunde 7 kwa kila picha. Basi mtu anayechagua skrini kubwa na ya kasi amekwisha kuchagua kadi ya bei kubwa, hata kama mwenyewe hajatambua.

Nilimwuliza kijana anataka kucheza nini. Alijibu kuwa ni mpira, na ile michezo ya kulenga shabaha pamoja na rafiki zake. Kwa hiyo tuliandika skrini ya inchi 24, nukta 1920 kwa 1080, ya picha 144 kwa sekunde. Hapo tukajua kadi ya daraja la kati itatosha, nasi tukaitengea kadiri ya theluthi moja ya fedha.

Prosesa hupiga hesabu: mpira umekwenda wapi, nani ameruka, nani ameanguka. Kadi huchora kile kilichohesabiwa. Mmoja akiwa hodari na mwenzake mzito, hodari hukaa bure akimngojea. Kwa sababu hiyo si busara kumaliza fedha kwenye prosesa ya juu na kuifungia kadi dhaifu. Jambo jingine la kuangalia ni kwamba Microsoft ilikomesha huduma ya kawaida ya Windows 10 tarehe 14 Oktoba, 2025, na Windows 11 haikubali rasmi prosesa za zamani. Kompyuta ya ofisi iliyotupwa huweza kuonekana nafuu, kumbe mlango umekwisha kufungwa.

Kumbukumbu tuliandika gigabaiti 16, lakini kwa vijiti viwili vya 8 badala ya kimoja cha 16, kwa kuwa vijiti viwili hupitisha habari kwa njia mbili sambamba. Bei za vijiti hivyo zilipanda sana mwishoni mwa mwaka 2025, kwa sababu viwanda vilielekeza bidhaa zake kwenye mitambo ya akili mnemba. Ndiyo sababu tuliamua kubaki na AM4, ambayo vijiti vyake vilivyokwisha kutumika hupatikana na hupimika kwa urahisi. Diski tuliandika SSD ya terabaiti moja, maana michezo mingi ya leo huzidi gigabaiti 100 kila mmoja.

KARIAKOO

Tuliingia Kariakoo Jumamosi asubuhi. Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza, na kadi ya kwanza tuliyoonyeshwa ilijitembeza kwelikweli. Mwuzaji aliifuata hatua yetu hadi nje ya mlango. Jina lililoandikwa lilikuwa la kadi mpya, na bei ilikuwa nusu ya ile tuliyoitarajia. Nikamwomba aifunge katika kompyuta tuione ikifanya kazi. Akasema, "Kaka, niamini tu." Tulimshukuru, tukaondoka. Mpwa wangu alinuna hadi tulipovuka mtaa wa pili.

Sikuwa nikimdhania mtu ubaya. Upo udanganyifu unaojulikana duniani kote, ambapo programu iliyomo ndani ya kadi ya zamani hubadilishwa ili ijitaje kwa jina la kadi mpya, tena yenye kumbukumbu kubwa kuliko iliyo nayo. Programu ya bure iitwayo GPU-Z huweza kuufichua uongo huo, lakini haiwezi kuifichua kadi iliyolala ndani ya boksi. Tena kuna kadi zilizochoka. Mwezi Septemba, 2022 mtandao wa fedha za kidijitali wa Ethereum uliacha njia ya zamani ya uchimbaji, na kadi nyingi zilizokuwa zikifanya kazi usiku na mchana zikamwagwa sokoni. Si zote zimekufa, lakini hakuna anayeweza kukuhakikishia nguvu ya ile asiyotaka kuiwasha.

Katika duka la tatu mwuzaji mwenyewe alituvutia viti. Tuliichezesha kadi kwa nusu saa nzima, tukiangalia joto lake na kusikiliza feni zake kama zinakwaruza. Tulilipa, tukapewa risiti ya mashine na dhamana ya maandishi. Fedha iliyozidi juu ya ile ya duka la kwanza haikutuuma.

KIPANDE KISICHOCHEZA

Ubishi mkubwa ulitokea mbele ya lile kasha dogo la chuma linalopokea umeme wa ukutani na kuugawa kwa vipande vyote. Mafundi huliita pawasaplai. Mpwa wangu aliliona moja lililoandikwa wati 750 kwa bei ya kutupa. Nililiinua kwa vidole viwili, likawa jepesi kama kopo tupu. Pembeni palikuwa na la wati 550 la kiwanda chenye jina, zito, na bei yake mara mbili.

"Mjomba," alisema kijana, "hii haichezi mpira. Tukiokoa fedha hapa tunapata kasha la taa."

Nikamjibu, "Ni kweli haichezi. Lakini mama yako hakunituma habari za mpira. Alinituma habari za kuungua."

Hapo ndipo penye kiini cha maneno yangu yote ya leo. Katika kompyuta nzima hakuna kipande kisichoonekana faida yake kama hiki, wala hakuna chenye uwezo kama wake wa kuviangamiza vingine kwa mara moja. Namba kubwa iliyobandikwa ubavuni si ushahidi. Alama ya 80 PLUS, iliyoanza mwaka 2004, huonyesha kuwa angalau asilimia 80 ya umeme unaovutwa ukutani huvifikia vipande, na kinachobaki ndicho hugeuka joto. Alama hiyo hupima ufanisi, haipimi usalama wote. Kwa hiyo tazama pia jina la kiwanda na miaka ya dhamana.

Nasi tunaujua umeme wetu. Tuliopita katika mgao wa mwishoni mwa mwaka 2023, kabla Bwawa la Julius Nyerere halijaanza kuzalisha mwezi Februari, 2024, tunakumbuka jinsi friji na redio zilivyokuwa zikiungua. Mara nyingi si kukatika kwa umeme kulikoviua vyombo hivyo. Ni kurudi kwake kwa kishindo. Mgao ule umepita, lakini umeme hukatika hata leo. Tulinunua lile zito la wati 550, tukaongeza betri ya akiba ya UPS ili kijana apate dakika chache za kuzima kwa utaratibu. Msomaji anayeitaka betri hiyo asichanganye namba ya VA na ya wati: ya wati ndiyo ndogo, nayo ndiyo ya kulinganisha na matumizi ya kompyuta.

VIKOROKORO

Vingine havikutuchukua muda. Kasha lilikuwa la bati jeusi lenye uso wa wavu na kichujio cha vumbi. Dar es Salaam ina joto na unyevu wa bahari, na kasha la kioo lisilopumua ni jiko. Kipanya kilichaguliwa kwa kukishika, si kwa kukitazama. Kibodi ilikuwa ya kawaida, ila tulihakikisha inazitambua funguo kadhaa zikibonyezwa kwa pamoja. Kiti kilikuwa kile cha chakula, na mto juu yake.

Spika za masikioni ndizo nilizozisisitiza. Dada yangu huamka saa kumi alfajiri kukoroga unga, na ukuta kati ya chumba chake na sebule ni mwembamba. Katika nyumba ya namna hiyo, kijana anayeshangilia mabao usiku humwibia mama yake usingizi ambao ndio mtaji wake.

Tulipomaliza zilibaki Sh. 85,000/-. Nilizitia katika bahasha pamoja na risiti zote. Jioni ile dada alizisoma moja baada ya nyingine, kidole kikifuata mistari, akafika kwenye ile ya pawasaplai. "Hii mbona ghali? Inafanya nini?"

Nilikaa kimya. Mpwa wangu ndiye aliyejibu. Alimweleza mama yake habari ya umeme unaorudi kwa kishindo, uzito wa kipande kile, na dhamana yake ya miaka mitano. Shemeji, aliyekuwa akijifanya anasoma gazeti, alilishusha akasikiliza hadi mwisho. Kisha akauliza kama mashine hiyo ingewekwa chumbani au sebuleni. Ilikubaliwa iwekwe sebuleni, na baada ya saa nne usiku izimwe.

Chumba cha uani bado kinavuja. Bati zimepangiwa zamu ijayo ya upatu, na kijana ameahidi mwenyewe kwamba ndiye atakayepanda juu kuzipigilia.

Ndugu mzazi, mwanao akikujia na ombi kama hili, usimfukuze wala usimpe fedha mkononi. Mwulize anataka kucheza nini, kisha anzeni na skrini, mfuate kadi, prosesa na ubao wake, kumbukumbu na diski. Umeme msiukatie fedha hata kidogo. Taa za rangi zikipata chenji iliyobaki, si vibaya. Zisipopata, mchezo utachezeka vilevile.