Nani alifuta michango ya baba?

Siku nyingi sijaandika, zamu za usiku zimenibana kweli. Leo naandika yale ya Februari 2023, maana nasikia kwenye vikao vya harusi bado yanasemwa chinichini, tena yanasemwa vibaya. Mama mdogo amenipa ruhusa.

Mnakumbuka baba alipoanza kusafishwa damu, mara tatu kwa wiki. Tukakubaliana kila mtu achange na mama mdogo awe mweka hazina. Mimi niliye mbali huku Leeds nikajitia fundi. Siku za mapumziko nilikuwa najifunza kuandika programu, basi nikatengeneza tovuti ndogo: mama mdogo anaingiza mchango, ukoo mzima unaona. Kwenye kompyuta yangu ilikwenda vizuri kabisa. Nikaipandisha kwenye wingu, yaani nikakodi nafasi kwenye kompyuta za kampuni moja ili ifunguke popote mlipo.

Jumamosi jioni mama mdogo akaingiza michango 41. Jumapili asubuhi majina yetu yote yapo, michango sifuri!! Akaingiza upya, maskini, bila kunung'unika. Mimi nikarekebisha kitu nilichodhani ndicho kasoro, nikapandisha toleo jipya. Ikafutika tena. Hapo ndipo baba mkubwa alipoandika kwenye kundi la WhatsApp kwamba anayefuta anajua anachoficha. Mama mdogo hakujibu. Alitoka kwenye kundi.

Sasa kutafuta kasoro kwenye kompyuta usiyoiona ni kazi. Huwezi kuigusa. Unachopata ni logi tu, mistari ambayo programu inaandika kila inapofanya jambo, pamoja na saa yake. Kwetu wauguzi ni kama kuingia zamu na kumkuta mgonjwa kalala: unasoma faili, nani alipita, saa ngapi, alimpa nini. Nikaongeza mstari mmoja: kila programu inapoamka, iandike ina michango mingapi. Nikampigia mama mdogo, nikamwomba aingize mitatu tu ya majaribio. Akakubali, lakini sauti yake siisahau.

Usiku ule sikuwa na zamu. Nikakaa na logi wazi mbele yangu na chai ya tangawizi. Saa sita na dakika arobaini likatokea neno SIGTERM. Hiyo ni amri ya mtambo kuiambia programu ifunge. Muda mfupi baadaye ikaamka yenyewe: michango 0. Kwenu ilikuwa saa tisa na dakika arobaini usiku, na logi ilionyesha kwamba kwa saa nyingi hakuna mtu yeyote aliyefungua tovuti. Mama mdogo alikuwa amelala!

Mwizi nilikuwa mimi. Kule nilikokodi programu haipewi kompyuta ya kudumu, inawekwa ndani ya kitu wanachokiita kontena. Huduma niliyokodi ilikuwa inafunga kontena na kufungua jipya kila siku, na pia kila nilipopandisha toleo jipya. Kontena jipya linaanza na vile tu vilivyokuja na programu. Majina yenu niliyaandika ndani ya programu, ndiyo maana yalibaki. Michango niliiweka kwenye faili lililokuwa ndani ya kontena, likitupwa inatupwa nayo. Kumbe kila nilipotuma dawa nilikuwa namuua mgonjwa. Na maelezo ya huduma ile yalisema wazi, mimi ndiye sikuyasoma.

Dawa yenyewe haikuchukua hata jioni moja. Nilihamishia michango kwenye hifadhidata ya PostgreSQL inayokaa pembeni, nje ya kontena. Mama mdogo akatoa meseji zote za M-Pesa na daftari lake la kaunta, tukaingiza moja moja kwa simu. 41. Haikupungua hata shilingi.

Picha ya ile logi nilitaka kuibandika kwenye kundi siku ileile, yeye akakataa. Alisema aliyesema mbele ya watu anajua pa kusemea.

Baba anaendelea vizuri, anawasalimu wote.

Baba mkubwa, shikamoo. Najua wajukuu wanakusomea hapa. Mama mdogo bado hajarudi kwenye kundi.