Wifi Yetu Alipotolewa Mfuko wa Nyongo

Kila mwanamke aliyewahi kupasua kuku anaijua nyongo. Tunaitoa taratibu kwa ncha ya kisu, maana ikipasuka tu, kitoweo chote kinakuwa kichungu. Ndiyo sababu wifi yetu aliporudi nyumbani kutoka hospitali hapa Ifakara, mwezi wa nne, majirani hawakuuliza kwanza habari za kidonda. Walituvuta pembeni wakanong'ona: ataishije mtu asiye na nyongo?

Wasomaji wapendwa, nyongo anayo. Nyongo hutengenezwa na ini, mchana na usiku. Kile kifuko kilicho chini ya ini ni cha kuihifadhi tu, mpaka mtu ale chakula chenye mafuta. Kikishaondolewa, nyongo hutiririka kidogo kidogo moja kwa moja hadi kwenye utumbo. Njiwa, panya na farasi hawana kifuko hicho na wanaishi. Daktari Mjerumani, Carl Langenbuch, alikitoa kwa mgonjwa kwa mara ya kwanza mjini Berlin mwaka 1882, na mgonjwa wake akapona.

Wifi alikuwa na vijiwe. Wengi hudhani huo ni ugonjwa wa akina mama wanene wa makamo. Kweli wanawake hupata zaidi, lakini hata watoto wenye selimundu huvipata, kwa kuwa chembe nyekundu za damu yao huvunjika upesi, na mabaki yake huganda ndani ya nyongo yakawa mawe.

Siku hizi katika hospitali kubwa upasuaji huu hufanywa kwa matundu madogo na kamera, na wengi hurudia kazi nyepesi baada ya wiki moja au mbili. Wifi alipasuliwa kwa njia ya zamani, mshono chini ya mbavu za kulia. Aliambiwa asinyanyue kitu kizito kwa majuma sita. Ndoo ya maji ya lita 20 ina kilo 20. Sasa jamani, majuma sita kuanzia mwezi wa nne, katika Bonde la Kilombero! Mpunga unaanza kuiva, ndege wanausubiri kuliko sisi, na ada ya watoto wa wifi ilikuwa imesimama palepale kwenye zile eka mbili ng'ambo ya mto.

Siku za mwanzo hazikuwa ngumu. Alitembea uani asubuhi na jioni ili damu isilale miguuni. Akitaka kukohoa au kucheka alikumbatia mto tumboni. Tulimpikia uji, wali mweupe, perege wa kuchemsha, na papai ili choo kisiwe kigumu. Vitumbua tulivificha, ingawa si marufuku ya maisha. Kwa majuma machache mafuta mengi humfanya mtu aharishe, halafu tumbo huzoea.

Usiku wa nane akapata homa. Hapa bondeni homa ni malaria mpaka ithibitishwe vinginevyo, na jirani mwema alikwisha kuleta vidonge vya mseto mkononi. Tulimshukuru, tukavipokea, tukaviweka kabatini. Kaka akatafuta bajaji usiku uleule. Kipimo cha malaria kilikuwa safi. Tatizo lilikuwa pembe moja ya mshono: usaha ulikuwa umejikusanya chini ya ngozi. Muuguzi alifungua nyuzi mbili, akasafisha, akatuonyesha namna ya kufunga upya kila siku. Alitufundisha pia kutazama macho yake kwenye mwanga wa jua. Yakiwa ya manjano, mkojo ukiwa kama chai ya rangi, choo kikiwa cheupe, au maumivu ya tumbo yakizidi badala ya kupungua, tusingoje kupambazuke.

Baada ya hapo shida ikawa nyingine. Kidonda kilikauka, na wifi akaanza kujiona mzima. Mama yetu, ambaye ni mkwe wake, naye alisema wao walijifungua leo na kesho wakaenda kisimani. Tulimjibu kwa heshima, "Mama, ngozi imeshika, lakini nyama ya ndani bado. Akinyanyua mzigo sasa, utumbo unaweza kusukuma pale paliposhonwa, pakatokea ngiri, naye akarudi kisuni." Mama alinyamaza kidogo, kisha akauliza, "Basi nani atavuna?"

Swali lilikuwa la haki. Mawifi tunasemwa vibaya sana katika nyumba za watu, na mara nyingine tunastahili, lakini safari hii tulikaa kikao sisi watatu na kaka yetu. Kaka alichukua kazi ya maji, madumu manne kwenye baiskeli kila alfajiri, wenzake wakimcheka njiani. Sisi tuligawana zamu: wawili shambani, mmoja kwa mgonjwa. Tangu daraja la Kilombero lilipofunguliwa hakuna tena kungoja kivuko, hivyo tuliweza kwenda na kurudi siku hiyohiyo, bila kulala kwenye dungu.

Juma la tano magunia yakafika uani. Wifi alijifunga kanga kiunoni, akasogea kusaidia kushusha. Tulimwekea kiti chini ya mwembe, tukampa kalamu na daftari ahesabu.